Wakwe wanataka nipime vinasaba kwa sababu ya sukari ya ukoo wetu

Anti shikamoo. Jina langu usiliweke, niite tu Binti wa Kinyerezi. Nina miaka 31, nina kibanda cha uwakala wa pesa, nafungua saa mbili asubuhi nafunga saa tatu usiku, na mchumba wangu tuko nae muda sasa, mwezi uliopita wazee wa kwao wakaja kuleta barua ya posa. Kila kitu kilienda vizuri mpaka watu walipokaa kula. Shangazi yangu wa Tanga, mdomo ule Mungu mwenyewe anaujua, akaanza kusimulia marehemu baba alivyoteseka, kidonda kwenye kidole gumba, wakakata kidole, wakarudi wakakata mguu chini ya goti, afu akamalizia eti "kwetu sukari ni ya ukoo, baba yao mkubwa nae anayo, na huyu dada yao juzi tu kaambiwa." Anti mi nilikuwa nimeshika jagi la juisi ya ukwaju nawamiminia wageni, nikamuona mama mkwe anaweka kijiko chini.

Toka siku hiyo sina amani. Mama mkwe ananitumia sauti WhatsApp ndefuuu, anasema hana ubaya na mimi ila kwao hawana magonjwa ya kurithi, na zamani wazee walichunguza ukoo kabla ya kuoa, kifafa, ukoma, kichaa, sasa sukari nayo kwa nini isichunguzwe? Afu akanitumia tangazo la watu fulani wa onlaini, unatema mate kwenye kichupa yanapelekwa nje ya nchi, unaletewa ripoti ya magonjwa yote utakayougua maishani, laki tisa. Anataka nipime na majibu ayaone yeye kwanza. Mchumba nikimwambia anasema "mfanyie tu mama aridhike." Huku nyumbani nako mama yangu mzazi anasema hii ni minyororo ya ukoo, kuna mtumishi kampata anavunja, sadaka laki mbili na nusu.

Kinachonichanganya zaidi ni kaka yetu. Ana miaka 43, kila usiku anapiga zege la chipsi mayai na soda mbili, kapima hana kitu. Dada ana 38, hanywi soda kabisa, yeye ndo kaugua, na sa hivi analalamika macho yanamfanyia ukungu. Mimi nina kilo 82, sijawahi kupima hata siku moja, naogopa. Je nimeshaandikiwa? Nitawarithisha wanangu? Nitoe laki tisa nipime hiyo DNA nimalize kesi, au nimuache tu mtoto wa watu akaoe kwenye ukoo msafi?

*

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako, na shangazi yako wa Tanga msamehe, kila ukoo una mmoja wa hivyo na siku ya posa ndo huwa anapata nafasi.

Mimi kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikuwa nesi wodi ya magonjwa ya ndani, kwahiyo hili la sukari nimelishika kwa mikono. Nianze na mama mkwe wako, maana swali lake wala si la kijinga. Kuuliza ukoo kabla ya ndoa ni jambo la akili kabisa, tatizo analiuliza kwenye ugonjwa ambao haujibu swali la namna hiyo. Kuna magonjwa ya kurithi ambayo yanatokana na jeni moja tu iliyobadilika. Selimundu ndo mfano wetu mkubwa hapa Tanzania: herufi moja imebadilika kwenye jeni moja inayotengeneza damu, basi. Baba akiwa AS, yaani anabeba jeni moja ya selimundu ila haumwi, na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaipiga. Pale ukipima unapata jibu, ndio au hapana.

Kisukari hiki cha ukubwani, aina ya pili, hakiko hivyo, na presha haiko hivyo, pumu nayo hivyo hivyo. We unajiandaa na harusi kwahiyo utanielewa haraka. Selimundu ni harusi iliyolipiwa na mtu mmoja, tajiri kaja kaweka hela yote mezani imeisha. Sukari ni harusi ya kamati. Kuna mamia ya sehemu kwenye vinasaba vyako, na wanasayansi wanazidi kuziongeza kwenye daftari kila mwaka, kila moja imechangia elfu mbili, elfu tano, hakuna hata moja yenye uwezo wa kufanya sherehe peke yake, na mchangiaji mwingine mkubwa kabisa wala hayumo kwenye damu, ni chakula, uzito, kukaa, umri. Kamati ikifikisha bajeti ugonjwa unatokea. Isipofikisha, unazeeka na michango yako mfukoni bila mtu kujua unayo.

Nikupe huyo mchangiaji anayejulikana zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza jeni inaitwa TCF7L2, mpaka leo hiyo ndo inatajwa kati ya zenye nguvu kuliko zote kwenye kisukari aina ya pili. Nguvu yenyewe ni ipi? Chukua watu mia ambao kumi wangeugua, wakiwa na kopi moja ya ile iliyobadilika wanaugua kama 13 au 14. Hiyo ndo yenye nguvu mwanangu, zilizobaki nyingi ni ndogo kuliko hapo. Na hiyo kopi sio kitu adimu cha ukoo wenu peke yenu, imejaa huku Afrika, imejaa Ulaya, watu wanatembea nayo Kariakoo saa hizi na hawana habari. Mama mkwe anaposema kwao hawana magonjwa ya kurithi mimi nacheka tu kimoyomoyo, kwasababu binadamu yeyote ukisoma vinasaba vyake, herufi kama bilioni 3, utamkuta na sehemu milioni 4 mpaka 5 ambazo zimetofautiana na kile kitabu cha kulinganishia. Yeye anazo, mwanae anazo, mshenga anazo. Nyingi hazina madhara, nyingine zinasukuma kidogo huku, nyingine zinavuta kidogo kule. Ukoo msafi haupo, labda ukoo ambao haujapimwa.

Sasa kaka na zege lake. Nyie ni watoto wa baba mmoja mama mmoja, lakini kila mtoto anachota nusu kwa baba na nusu kwa mama, na hiyo nusu haichotwi sawa, ndo maana hata sura mmetofautiana. Inawezekana dada alichota michango mingi na kaka alichota michache. Ila asijisifu sana, hana kitu LEO, ana miaka 43 na sukari hii inapenda watu wa umri wake kwenda mbele, mwambie arudi kupima kila mwaka na lile zege alipunguze maana anachangia kamati kwa bidii yote. Na dada asijilaumu eti mbona hanywi soda, soda ni moja tu ya mambo, wapo wembamba wasiogusa sukari na wanaugua, wapo wanene wanaozika wenzao.

Kwahiyo umeshaandikiwa? Hapana. Lakini sitakudanganya pia eti huna lolote. Mtu mwenye mzazi mwenye kisukari aina ya pili hatari yake iko kama mara mbili mpaka tatu ya mtu ambaye wazazi wake hawana, na we una baba, una dada, una baba mkubwa, halafu una kilo 82 na kazi ya kukaa kwenye kiti toka saa mbili mpaka saa tatu usiku. Hiyo ni hatari ya kweli. Ila angalia vizuri kwenye hiyo orodha kuna vitu umerithi na kuna vitu umevikalia. Na hata hiyo "mara mbili mpaka tatu" sio damu tupu, maana watoto hatuwarithishi vinasaba tu, tunawarithisha na sufuria, wali wa mafuta mengi, chai ya vijiko vitatu, tabia ya kuita boda kwenda duka la mtaa wa pili.

Ukitaka kujua sufuria ina nguvu gani sikiliza hii, na hii ni ya hapa hapa kwetu. Mwaka 1989 kwenye jarida la Lancet walichapisha upimaji uliofanyika vijiji sita vya Tanzania, wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja kati ya mia. Mwaka 2012 ukafanyika utafiti wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, wenye sukari ya juu wakafika asilimia 9 hivi. Ndio, vipimo havikuwa vilevile na ule wa kwanza ulikuwa vijijini tu, lakini hata ukitoa hayo yote pengo ni kubwa mno, na miaka ishirini na kitu haitoshi kubadilisha vinasaba vya taifa, ni wajukuu wa watu walewale. Kilichobadilika ni maisha. Kuna wengine wakawafuata watu waliokuwa wanahama vijijini Morogoro kuja kukaa hapa Dar, wakawapima kabla hawajahama na wakawapima tena baada ya mwaka, matokeo yakatoka 2010: kazi za nguvu zimeshuka vibaya, uzito umeongezeka kwa wastani zaidi ya kilo 2. Mwaka mmoja tu wa Dar! Na kuna ambacho watu hawakisemi, matunda na mboga walikuwa wanakula zaidi kuliko kijijini. Hawakuja mjini kuharibikiwa na tamaa kama tunavyopenda kuwasema, wameacha jembe wamepanda daladala, ndo hivyo.

Vinasaba vile vile, mji mwingine, mwili mwingine.

Njoo kwenye laki tisa. Usitoe. Kwanza hiyo ripoti ya "magonjwa yote utakayougua" haipo duniani, kwa magonjwa ya kamati kama sukari wanachofanya ni kujumlisha michango yako na kukupa alama, una alama kubwa au ndogo kuliko wenzako, basi, haisemi utaugua wala hutaugua. Pili, hizo alama zimetengenezwa kwa damu za watu wa wapi? Kuna hesabu ilitoka 2019, katika watu wote walioshiriki tafiti kubwa za aina hii duniani, asilimia 78 walikuwa na asili ya Ulaya na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Na sisi ndo wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara lolote, maana binadamu ameanzia huku, kakaa huku muda mrefu. Ukichukua kipimo kilichofunzwa kwa Wazungu ukakiweka kwa Mmatumbi au Msambaa, kinapotea njia, watafiti wenyewe wameliandika hilo bila kuficha na ndo sababu ikaanzishwa miradi kama H3Africa kuziba hilo pengo. Mpaka pengo lizibwe, hiyo laki tisa utakuwa umenunua wasiwasi uliochapwa vizuri kwenye karatasi.

Tatu, na hili wengi hawalijui, vinasaba vya binadamu hapa Tanzania vina sheria yake ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kukusanya sampuli na kuzisafirisha sio kama kutuma parseli ya dagaa. Hao wa onlaini waulize kibali chao kiko wapi uone watakavyokublok.

Na majibu ayaone yeye kwanza? Kwa lipi? Majibu ya mwili wako unayapokea wewe, ukipenda unamuonyesha mwenzio. Hapo simung'unyi maneno.

Kipimo unachokihitaji ni sukari yenyewe, na kile hata zahanati ya mtaani wanacho. Lala bila kula, asubuhi kabla ya chai nenda kapime. Ikiwa chini ya 6.1 (kwa mmol/L) shukuru Mungu na urudie mwakani, ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 bado hujaugua ila umeanza kuelekea huko, ikiwa 7.0 na kuendelea watakupima tena siku nyingine ili kuthibitisha, usilie pale dirishani kwa kipimo kimoja. Wakikwambia wakufanyie na kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, fanya, ila waambie kama una AS, maana kuna utafiti wa Marekani wa 2017 ulioonyesha kwamba kwa watu weusi wenye AS kipimo hicho kinasoma chini kuliko sukari halisi ilivyo. Umeona vinasaba vinavyochezea mpaka kipimo? Daktari akijua anategemea zaidi kile cha damu ya asubuhi.

Tuseme umekutwa umeanza kuelekea. Huko Marekani walichukua watu 3,234 wa hali hiyo hiyo, kundi moja wakaambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee au wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki, kundi lingine wakapewa vidonge vya metformin, lingine vidonge vya geresha visivyo na dawa ndani. Matokeo ya 2002: waliopungua na kutembea, kuugua kulishuka kwa asilimia 58, wa metformin asilimia 31. Miguu ikaishinda dawa. Sasa utamu uko hapa, 2006 wakarudi kwenye damu za watu walewale wakaangalia ile TCF7L2 niliyokwambia. Wenye kopi mbili za hatari, kwenye kundi la geresha, waliugua sana kuliko wenzao. Kwenye kundi la kutembea? Tofauti ikawa ndogo kiasi cha kutohesabika. Damu ileile. Ningekuwa na uwezo hii ningeibandika kwenye kila daladala la Gongo la Mboto.

Kwako asilimia 7 ya kilo 82 ni karibu kilo 6. Sio lazima uwe mwembamba, kilo 6 tu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na kwa kazi yako najua utaniambia muda huna, basi funga kibanda saa kumi na moja nusu saa, tembea mpaka kituo cha mbele urudi, wateja watakuzoea. Chai toa vijiko viwili baki na kimoja, ukizoea toa na hicho. Wali na ugali sikukatazi, punguza kilima, ongeza mchicha na maharage. Soda ya saa saba mchana, ile ya baridi inayoshushwa na ugali wa mama ntilie, hiyo ndo iache kabisa.

La mzee na mguu nalo nilitoe kifuani kwako, maana naona ndo linakutisha kuliko sukari yenyewe. Mguu haurithiwi. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua neva za miguu, mtu anakanyaga msumari hasikii, damu nayo haifiki vizuri, kidonda hakiponi, wadudu wanaingia mpaka mfupani. Wodini niliona wengi walioletwa kidole kimeshakuwa cheusi, walikuwa wamekaa nyumbani wanapakwa majani. Mtu anayejua sukari yake mapema, anakunywa dawa, anaangalia nyayo zake kila jioni, anaweza kuzeeka na miguu yake miwili.

Ndo maana dada yako simuachi. Huo ukungu wa macho unaweza kuwa ni sukari iliyopanda tu, ikishuka unapungua, na unaweza kuwa mishipa ya nyuma ya jicho imeanza kuharibika, na kwa kumwangalia usoni hakuna anayeweza kujua. Aende wiki hii, akafunguliwe mboni waangalie ndani, asiende kununua miwani ya barabarani Kariakoo.

Mama yako asikusumbue, sala asali, mimi mwenyewe nasali. Ila laki mbili na nusu ya kuvunja minyororo nunueni mashine ya kupimia sukari nyumbani na vijiti vyake, mpimane ukoo mzima siku ya Krismasi au Idi, chenji itabaki.

Watoto je? Utawarithisha michango yako kama baba yao atakavyowarithisha ya kwake, nusu kwa nusu, na sufuria mtaichagua nyie. Ukishika mimba tu mwambie nesi wa kliniki siku ya kwanza kwamba baba na dada wana sukari, wasisubiri wiki ya 24 mpaka 28 ambayo ndo kawaida ya kupima sukari ya mimba, wewe waanze mapema.

Nimebaki na huyo mchumba. Mwanangu, "mfanyie tu mama aridhike" limenikera kuliko mama mwenyewe. Mama anaogopa, ni haki yake, hajui. Mchumba ndo mwenye kazi ya kukaa na mama yake amueleze, sio kukusukuma wewe mbele ukapambane na sauti za dakika nane. Mpe hii barua aisome, afu amtafute mshenga waende wawili, wamwambie mama kwamba binti amekubali kupima ila atapima sukari, na mtoto wake nae atapima sukari na presha siku hiyo hiyo kwenye benchi hilo hilo. Asipotaka kupima yeye, hapo ndo ujiulize unaolewa na nani.

Na mkiwa pale maabara ombeni na kipimo cha selimundu wote wawili, maana Tanzania tuko kwenye nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo na zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi anaibeba bila kuumwa chochote. Huo ndo uchunguzi wa ukoo ambao mama mkwe alikuwa anautafuta. Mkitoka mmoja wenu AA, yaani haibebi kabisa, endeleeni na kamati. Mkitoka wote AS niandikie kabla hamjalipia ukumbi, hiyo tutaiongea kivyake.